Mume wangu anasema najichubua, kumbe mikono inanipasuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 32, naishi Tabora mjini, upande wa Isevya. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani maana sitaki wifi yangu aone ninachoandika. Unisamehe kama barua itakuwa ndefu.

Kazi zangu ni mbili. Asubuhi, siku nne kwa wiki, nafua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni. Nafua kwa mikono, kwa sabuni ya unga na jiki, na maji ya alfajiri ambayo kipindi hiki cha kipupwe ni ya baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Wananilipa sh 5,000 kwa siku. Niliwahi kuomba glavu, nikaambiwa asiyetaka kazi aache, wapo wengi wanaoitafuta. Mchana nasuka nywele kibarazani kwangu. Kusuka ndiko ninakokupenda, na ndiko kunakolipa ada za watoto.

Kila mwaka ikifika Juni mikono yangu huanza kupauka. Napaka mafuta, baada ya saa moja ni kama sijapaka. Mwezi ukiisha ngozi inakakamaa, kisha inapasuka, hasa pembeni mwa dole gumba na kwenye viungo vya vidole. Hali inakwenda hivyo mpaka mvua za Novemba. Watu wakisikia magaga wanawaza visigino. Mimi yangu yako mikononi, na kwa msusi ni balaa. Uzi wa rasta ukipita kwenye ufa unanasa. Ukinasa navuta, na mteja anaruka. Mwaka juzi nilikuwa namsuka mwalimu mmoja mistari midogo midogo, nimefika nyuma ya sikio, nikaona tone jekundu kwenye kola ya blauzi yake nyeupe. Damu ilikuwa yangu. Alinilipa, hakusema kitu, na hakurudi tena.

Mwaka jana mwezi wa sita nilijifungua mtoto wangu wa mwisho nikaenda kukaa arobaini kwa mama, Urambo. Mikono ikawa mizuri kabisa, nikadhani uzazi umeniponya. Nilirudi Agosti nikaanza kazi, na wiki ya pili tu nyufa zikarudi. Basi Septemba akapita mama mmoja anayetembeza vipodozi kwenye beseni, akaniuzia krimu kwa sh 3,000. Iko kwenye kikopo cheupe chenye mfuniko wa bluu, hakina maandishi yoyote. Alisema anaichanganya mwenyewe. Shangazi, siku ya nne nyufa zilikuwa zimefunga. Nililia kwa furaha. Nilisuka wiki nzima bila uzi kunasa hata mara moja.

Tangu hapo sijaiacha. Mvua ziliponyesha nilijaribu kuacha, siku ya pili mikono ikawaka moto na kuwasha kuliko mwanzo, nikarudi kupaka. Sasa naona mambo ya ajabu. Migongo ya viganja imekuwa myeupe kuliko mikono kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, na mishipa inaonekana kama imechorwa kwa kalamu ya bluu. Nikijigonga kidogo kwenye beseni damu inavilia.

Wifi ndiye aliyeanza. Alisema mbele ya mume wangu, “Wifi, siku hizi unang’aa mikono, umeanza kujichubua?” Mume wangu alicheka, lakini usiku akaniuliza najichubua kwa ajili ya nani. Nikaapa sijichubui. Akaniambia nimwoneshe ninachopaka. Nikamwambia ni mafuta ya kawaida tu. Kikopo kilikuwa kwenye mfuko wa rasta, na wiki mbili baadaye alikikuta. Hakupiga kelele, alikirudisha palepale. Tangu siku hiyo akinipokea mtoto anamshika kwa namna ambayo vidole vyake havigusi vyangu.

Nikiacha krimu, mikono itachanika na wateja watakimbia. Nikiendelea, ndoa yangu inaharibika nikiona. Na mwisho wa Agosti nina bibi harusi wa kumsuka, binti wa jirani, mama yake ameshanipa nusu ya fedha. Mtoto wangu bado ananyonya, kwa hiyo sitaki dawa kali za kumeza. Je, kuna dawa nyingine ya baridi hii ya Tabora?

Msusi, Isevya

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale ulipoandika jinsi mumeo anavyompokea mtoto siku hizi nililazimika kuiweka chini kwanza.

Unaniambia uko njia panda: uache krimu upoteze kazi, au uendelee nayo upoteze amani ya nyumba. Unaniomba njia ya tatu, dawa ya baridi. Kabla ya kutafuta dawa hiyo, hebu tumwangalie vizuri huyu mshitakiwa wetu, baridi.

Baridi ya Tabora ni ya Juni na Julai, inajikokota hadi Agosti. Septemba na Oktoba jua linawaka, watu wanalala madirisha wazi. Lakini wewe unasema mikono yako inapasuka mpaka Novemba. Kisha unasema Julai ya mwaka jana, katikati ya kipupwe, ulikuwa Urambo na mikono ilikuwa mizuri. Urambo na Tabora mjini ni kipupwe kilekile na upepo uleule wa kiangazi. Kilichobadilika, mwanangu, ni kwamba katika arobaini hakuna aliyekuruhusu kugusa beseni la mashuka. Rasta pia hukushika. Ulisema ni uzazi uliokuponya. Mimi najiuliza kama si mapumziko.

Simaanishi kwamba hali ya hewa haina lake. Kiangazi chetu kinakausha kila kitu, hata milango ya mbao inalegea kwenye fremu zake. Ngozi ya juu ya mkono unaweza kuifananisha na ukuta wa matofali: chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta yake ya asili ndiyo udongo unaoyashikilia na kuzuia maji ya ndani yasitoke. Sabuni ya unga imetengenezwa kung’oa mafuta kwenye shuka, na haitofautishi mafuta ya shuka na mafuta ya mkono wako. Tena sabuni hizo zina ukali wa magadi, wakati ngozi yenyewe hupenda uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 5. Jiki inaongeza ukali juu ya ukali. Ukitoka hapo, udongo wa ukuta umeshaoshwa, unakutana na hewa kavu inayovuta maji. Matofali yanaachana, nao huo ndio ufa unaonasa uzi.

Halafu mchana unashika rasta. Wasusi wengi hawajui kwamba nywele nyingi za bandia hutoka kiwandani zimepakwa kitu chenye ukali wa magadi, ndiyo maana wapo wateja wanaowashwa kichwa siku mbili baada ya kusukwa. Kama mteja anawashwa kwa kuvaa, fikiria wewe unayezipitisha vidoleni saa tano mfululizo. Kuziloweka kwenye maji yenye siki kidogo, kuzisuuza na kuzianika kabla ya kusuka kunapunguza hilo. Na kama unaweka watu dawa ya kulainisha nywele au rangi nyeusi, hukuniambia, basi hizo nazo ni za kushikwa kwa glavu tu.

Sasa kikopo.

Siwezi kujua kilichomo kwa kusoma barua, na yeyote atakayekuambia anajua bila kukipima, usimwamini. Ila mambo uliyoyataja, nyufa kufunga kwa siku nne, weupe, mishipa kuonekana, damu kuvilia, na ule moto uliokushika ulipoacha, yanafanana sana na madhara ya krimu kali ya steroidi, dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe, iliyotumika muda mrefu. Madaktari wenyewe huziandika krimu za namna hii, kwa wiki chache na kwa kipimo. Ndiyo maana ilikufanyia kazi, na hukuwa mjinga kuiamini. Inatuliza mwasho na uvimbe haraka sana. Lakini ukuta haiujengi; ikitumika miezi kumi inaupunguza unene. Ukiiacha ghafla ngozi inalipuka, nawe unaona kama ugonjwa umerudi kwa hasira. Inawezekana kabisa kwamba moto ule wa siku ya pili ulikuwa wa krimu yenyewe, wala haukuwa wa mikono yako ya zamani.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni kutokuwa na maandishi. Krimu za kuchanganya mitaani huweza kuwa na vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi, kama zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huharibu figo, na mtoto mchanga anaweza kuipata kwa kuguswa tu na mikono iliyopakwa. Wewe uliogopa dawa za kumeza kwa sababu ya kunyonyesha, na uliogopa kwa sababu njema. Ila huenda chenye hatari kwa mtoto kiko kwenye mfuko wa rasta. Nalisema hili taratibu kwa sababu najua litakuuma.

Kwa hiyo ukiendelea kupaka, hatari ni hiyo. Ukiacha leo peke yako, hatari ni mlipuko wa wiki kadhaa, nyufa, pengine vidonda, na kishawishi kikubwa cha kurudi kwenye beseni la yule mama. Kuna watu huacha hivyo na wakavuka. Wengine huenda hospitali wakapewa steroidi inayojulikana nguvu yake, wakashushwa hatua kwa hatua. Ningekuwa karibu nawe ningekusindikiza hospitali wiki hii, kikopo mkononi, bila kusubiri harusi. Uliza kama kuna mtaalamu wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kilichoanza 1992 kinachofundisha matabibu wa ngozi, na wengi wao wanafanya kazi mikoani. Mwambie daktari kwamba unanyonyesha. Mwambie pia kama zile ganzi za vidole hubaki hata mikono ikishapata joto, au kama kuna sehemu ya ngozi isiyohisi, maana hilo linahitaji kuangaliwa peke yake. Mkono mmoja ukiwa mbaya kuliko mwingine, anaweza kutafuta fangasi; mwasho wa usiku katikati ya vidole unaweza kuwa upele. Hadi umwone, usiongeze kiasi, na vidole vyenye krimu visiguse titi wala mtoto.

Tuje kwenye kufua. Sh 5,000 kwa siku, mara siku nne, ni sh 20,000 kwa wiki, na mimi si mtu wa kukuambia uziache kana kwamba zinaokotwa. Ila nakuomba ukae chini upige hesabu ya upande wa pili: kufua huko kumekugharimu wateja wangapi wa kusuka? Yule mwalimu angekuja mara ngapi kwa mwaka, na angeleta wenzake wangapi? Wewe ndiye mwenye daftari. Inawezekana ukaona bado inalipa, na mahali pengine si pa kutegemea. Kuhusu glavu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Haki unayo. Lakini kibarua wa siku akidai haki peke yake anaweza kuambiwa asirudi kesho, nawe umeshaonjeshwa jibu hilo. Ukiwa na wenzako wawili watatu wanaofua hapo, mkaongea pamoja, sauti inakuwa nyingine. Au unaweza kununua glavu zako za mpira, za mikono mirefu, na ndani ukavaa za pamba nyepesi ili jasho lisikae kwenye ngozi. Zikiingia maji vua ukaushe, maana glavu iliyolowa ndani inaivisha ngozi kama kitambaa cha maji. Zikikuwasha, huenda ni mpira wenyewe unakukataa. Jaribu za plastiki.

Wengi watakuambia paka mafuta, nawe umechoka kusikia. Umesema ukipaka, baada ya saa moja ni kama hujapaka. Nadhani unapaka kwenye ngozi iliyokauka. Mafuta hayaleti maji, yanafungia maji yaliyopo. Osha mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kuogea, futa kwa kugusagusa, na wakati bado ina unyevu, dakika mbili tatu hizo hizo, paka mafuta ya mgando mazito. Fanya hivyo kila baada ya kunawa, siyo asubuhi na jioni tu. Wakati wa kusuka mafuta mazito yatafanya uzi ukuponyoke, hilo naliona; basi mchana tumia glisarini iliyochanganywa na maji, kidogo tu, iachie ikauke. Usiku ndiyo kazi kubwa: loweka mikono dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu, paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi safi za pamba mikononi ulale.

Na uko Tabora, mwanangu, nchi ya asali, ambako nta ya nyuki imekuwa ikiuzwa tangu enzi za mkoloni. Kwangua kijiko kimoja cha nta safi, ongeza vijiko vinne vya mafuta ya alizeti au ya nazi, weka kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi iyeyuke, kisha mimina kwenye chombo kikavu ipoe. Unapata mafuta magumu yanayokaa kwenye ufa hata ukishika vitu. Wenzetu wa Kigoma wana mafuta ya mise, ya kokwa za mchikichi, nayo yanafaa. Hivi vyote huchukua wiki tatu, nne, ngozi ikijijenga polepole. Havitakupa siku nne za miujiza, na ni vema ulijue hilo mapema ili usikate tamaa siku ya kumi. Ufa ulio wazi ufunike kwa plasta kabla ya kumgusa mteja, kwa usalama wako na wake. Ndimu, chumvi na wembe viwe mbali nao.

Nimeacha la mumeo mwisho kwa sababu ndilo gumu kwangu.

Uliapa hujichubui, na moyoni ulisema kweli. Ulitaka kusuka, hukutaka weupe. Lakini mikono ilikuwa inabadilika rangi kweli, naye aliiona kwa macho yake. Kisha akauliza, akaambiwa mafuta ya kawaida, kisha akakuta kikopo kimefichwa. Najaribu kukaa kwenye kiti chake. Sidhani kama kinachomuuma ni rangi. Simtetei; swali lake la “kwa ajili ya nani” lilikuwa na mwiba, na angeweza kuuliza mara ya pili badala ya kukirudisha kikopo kimya kimya. Ila je, anajua kuhusu tone la damu kwenye kola? Anajua uliomba glavu ukajibiwa vile? Katika barua yako yote sikuona mahali ulipomwambia kwamba mikono inauma. Labda ulimwambia zamani akapuuza, nami sijui. Wewe unamfahamu.

Unaweza kumwonesha kikopo mwenyewe, mkiwa wawili, wifi akiwa hayupo, na umwombe mwende pamoja hospitali, asikie kwa daktari badala ya kusikia kwako. Hatari ni kwamba ataanza na uongo kabla ya ugonjwa, na itabidi uupokee huo uongo bila kujitetea kwanza. Unaweza kwenda hospitali kwanza ukarudi na majibu. Utakuwa na cha kushika, ila ataweza kusema umefanya siri nyingine. Unaweza kumpitia mama yako, kama mumeo anamheshimu, ingawa wanaume wengine mambo ya chumbani yakifika ukweni hufunga milango zaidi. Wifi mimi ningemwacha pembeni kabisa kwa sasa.

Kuna jambo dogo lililonijia nikiwa nasoma. Soksi zile za usiku ni ngumu kujivalisha mwenyewe mikono ikiwa imejaa mafuta. Mtu wa pili anahitajika kuzivuta.

Na bibi harusi: kama leo ni Julai, una wiki tano au sita. Mweleze mama yake mapema kwamba mikono yako inatibiwa. Rasta ziloweke na kuzianika siku mbili kabla. Tafuta msusi mwenzako mgawane kichwa, yeye aanze nyuma ambako mistari ni mingi, wewe ushike mbele ambako jicho lako linahitajika, hata kama malipo mtagawana. Na siku hiyo mfunike binti mabega kwa khanga nyeusi, nyeupe iache kabatini. Itakutuliza moyo hata kama hakuna kitakachodondoka.